Kiti, Ukuta na Nusu Kilo ya Mchanga

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi. Kijana wa Buzebazeba, mkoani Kigoma, anajua la kufanya: anaamka alfajiri na wenzake wa jogingi, wanaishika barabara ya Ujiji kuelekea Kigoma mjini. Bibi yake mwenye miaka 75 afanye nini? Jibu analopewa mara nyingi ni moja: "Bibi, wewe tembeatembea tu."

Ushauri huo una nia njema, lakini ni nusu ya dawa. Kutembea kunasaidia moyo, presha na sukari. Kinachomlaza mzee kitandani ghafla, hata hivyo, mara nyingi ni kuanguka: amejikwaa kizingitini, nyonga imevunjika. Kuzuia hilo kunahitaji kazi nyingine, na ipo mbinu iliyopimwa vizuri ambayo tunaweza kuifungua na kuona ilivyotengenezwa.

Ilitoka Chuo Kikuu cha Otago, mjini Dunedin, New Zealand. John Campbell na wenzake walichukua wanawake 233 wenye miaka 80 na kuendelea, wanaoishi majumbani kwao. Wanawake 116 walipewa mazoezi. 117 waliendelea na huduma za kawaida na kutembelewa kwa mazungumzo tu. Baada ya mwaka mmoja, kundi la mazoezi lilikuwa limeanguka mara 88, lile jingine mara 152. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Hapakuwa na ukumbi wala mashine. Siri ilikuwa katika mpangilio.

Hatua ya kwanza ilikuwa kumjua mtu. Mtaalamu wa fiziotherapia alimfuata kila mama nyumbani mara nne katika miezi miwili ya mwanzo, akampangia mazoezi kulingana na uwezo wake. Kwetu, hatua hii ianzie kituo cha afya: presha ipimwe, sukari ipimwe, na dawa zote zitajwe. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu anaposimama ghafla, kwa hiyo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila siku, maana kidonda kidogo kinaweza kumpita bila maumivu.

Hatua ya pili ni nguvu. Walilenga misuli inayobeba mwili: ya mbele na nyuma ya paja, ya pembeni mwa nyonga, ya shavu la mguu na ya mbele ya muundi. Kwa paja na nyonga walifunga uzito kwenye kifundo cha mguu. Kipimo chao kilikuwa rahisi: uzito ufaao ni ule ambao mzee anaunyanyua mara 8 hadi 10 kabla ya kuchoka. Akiweza mara 10, akapumzika, akarudia 10 nyingine, uzito unaongezwa. Mazoezi yalichukua kama nusu saa, mara tatu kwa wiki, na baada ya siku ya nguvu misuli ilipewa siku ya kupumzika.

Uzito huo hauhitaji duka la michezo. Mchanga wa ziwani ushonewe kwenye kitambaa kigumu, upimwe dukani kwenye mizani ya sukari, uanze na nusu kilo. Mzee atoe pumzi anaponyanyua mguu, kwa sababu kubana pumzi kunapandisha presha.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa mbinu: msawazo wa mwili. Kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kutembea kwa ubavu, kutembea kinyumenyume, kusimama kwa mguu mmoja, kuinuka kitini bila kushika. Kila zoezi lilianza kwa kushikilia kitu imara, kisha mkono ukaachiwa kidogo kidogo. Msawazo hauongezeki mpaka uwekwe kwenye majaribu, na majaribu hayo ni salama pale tu ambapo ukuta uko karibu. Ndiyo maana kutembea peke yake hakutoshi. Mwaka 2019 uchambuzi uliokusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23, na yale ya msawazo yalikuwa miongoni mwa yaliyofanya kazi.

Hapa familia nyingi hukosea kwenye vifaa. Kiti cha plastiki huteleza. Tumia cha mbao, mgongo wake ukiwa ukutani. Malapa hukwama, vaa viatu vinavyoshika kisigino. Kanga ifungwe juu ya vifundo vya miguu. Saa nzuri ni asubuhi, kabla jua halijawa kali, na maji yawe karibu.

Wazee wetu wana akiba ambayo wengine wameipoteza. Watafiti waliowapima Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi waliripoti mwaka 2020 kwamba watu hao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, lakini sehemu ya muda huo wakiwa wamechuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi. Ujiji nako, mzee anayesali rakaa 17 za faradhi huinama, husujudu na kuinuka mara nyingi kila siku. Akianza kusalia kitini kwa sababu ya magoti, mwili wake umepoteza mazoezi hayo, na familia itafute namna ya kuyafidia.

Mipaka nayo ijulikane. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika, kizunguzungu au kiungo kuchoma kama kisu ni amri ya kuacha na kumwona daktari. Mzee aweze kuongea anapofanya zoezi. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha.

Kijana, Jumamosi ijayo kabla hujatoka kukimbia, msogezee bibi kiti cha mbao ukutani na usimame kando yake. Ainuke na kukaa mara tano, polepole, akishika akihitaji kushika. Keshokutwa yake, rudieni.