"Rais" na "Mama": Samia Suluhu Hassan katika Kauli za Siasa

Tarehe 22 Machi 2021, siku tatu baada ya kuapishwa, Samia Suluhu Hassan aliwajibu mjini Dodoma waliotilia shaka uwezo wa mwanamke kuongoza: aliyesimama pale ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Uzito wa kauli hiyo umo katika mpangilio wake. Kiambishi *a-* cha ngeli ya A-WA hakibainishi jinsia, wala nomino *rais* haibainishi; cheo kinatangulia, jinsia inafuata katika kirai vumishi tu. Hapa sarufi yenyewe imebeba hoja ya kisiasa.

Matumizi ya umma yalielekea kwingine. Mwakilishi wa viti maalumu Zanzibar mwaka 2000, mbunge wa Makunduchi 2010, Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba 2014, Makamu wa Rais 2015: safari yote hiyo imemezwa na neno *mama*, hasa katika "Mama anaupiga mwingi", msemo uliochotwa (si kwa bahati) katika lugha ya soka. Nyerere naye huitwa Baba, lakini Baba *wa Taifa*. Kijalizo hicho kinataja alichokiasisi. *Mama* linasimama peke yake na kutaja hulka. Aidha, katika adabu ya Waswahili mama hakosolewi hadharani, hivyo neno linalomkinga kiongozi dhidi ya dharau humkinga pia dhidi ya kuhojiwa, na raia hubaki mtoto. Katika kauli ile ya Dodoma, mwenyewe alichagua *mwanamke*.