Chambo Kilichokosa Samaki

Kwenye karatasi, edifoligide haikuwa na kasoro. Mweleze mwanafunzi wa mwaka wa kwanza inavyofanya kazi, atakuambia, "Hii lazima ikubali." Haikukubali. Na kwa maoni yangu, dalili zilikuwepo mapema.

Tuanze na tatizo lenyewe. Ateri za moyo zikiziba, daktari huchukua vena mguuni na kuishona moyoni ili damu ipate njia ya mchepuko. René Favaloro, Muajentina aliyekuwa Cleveland, Marekani, ndiye aliyeueneza upasuaji huu kuanzia 1967. Shida ni kwamba vena imezoea presha ndogo. Ikikutana na presha ya ateri, seli za misuli ya ukuta wake huanza kuzaana, ukuta unanenepa, na mchepuko nao unaziba.

Sasa jeni zinaingia. Ili seli igawanyike, protini za E2F hushika kwenye DNA na kuwasha jeni za mgawanyiko. Edifoligide ni kipande kifupi cha DNA ya kutengenezwa, kinachofanana na mahali E2F inaposhika. Ni chambo: protini inanasa hapo, jeni zinabaki zimezimwa. Tena mgonjwa hamezi kitu. Vena ikishatolewa, inalowekwa kwenye dawa kwa presha kwa dakika kama 10, halafu inashonwa. Wazo safi, nakiri.

Lakini ushahidi je? Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha PREVENT I: wagonjwa 41 wa upasuaji wa mishipa ya mguu, na waliopata chambo ni 17 tu. Seli zilipunguza kuzaana, na michepuko iliyoharibika ikawa michache. Watu 17! Hao ni abiria wa daladala moja, na viti vinabaki.

Kisha likaja jaribio kubwa, PREVENT IV, lenye wagonjwa 3,014 wa moyo. Matokeo yalitoka 2005. Baada ya miezi 12 hadi 18, waliofariki au kuwa na mchepuko ulioziba kwa angalau asilimia 75 walikuwa asilimia 45.2 kwa waliopata dawa, na 46.3 kwa wasiopata. Yaani hakuna tofauti. PREVENT III, ya mishipa ya mguu, nayo haikuokoa jahazi.

Lawama yangu ni hii. Kwanza, E2F ni ukoo mzima: baadhi huwasha mgawanyiko, wengine huuzuia, na chambo hakichagui. Pili, si kila mchepuko huzibwa na seli zinazozaana. Katika wiki za mwanzo, damu iliyoganda na vena iliyojeruhiwa wakati wa kutolewa ndiyo maadui wakubwa, na hapo chambo hakina kazi. Tukapigana na adui mmoja tukidhani yuko peke yake.

Hata hivyo, tusiwabeze watafiti. Walilipima wazo lao kwa haki na kuchapisha kushindwa kwao. Wametuachia pia ukweli mchungu: karibu nusu ya wagonjwa wale, dawa au bila dawa, walipata matokeo mabaya ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari kinachoshangilia "tiba ya jeni," uliza swali moja tu: kilichopata nafuu ni seli, au ni mgonjwa?