Ua la mlango wa Unguja

Ua la mlango halibandikwi, huachwa. Fundi huchimba kando yake hadi petali zisimame zenyewe, kwa hiyo nakshi hupimwa kwa kilichoondolewa. Majumba mapya ya Mbweni na Chukwani yamejaa milango inayosifiwa kwa wingi wa maua. Mingi haistahili sifa hiyo. Maua yakisongamana hadi yakagusa mnyororo uliochongwa ukingoni, kazi imeharibika.

Asiye fundi huliona ua, asiione ardhi yake, ile sakafu iliyo kati ya petali na petali. Ardhi njema ina kina kimoja kuanzia chini ya mwimo hadi kizingiti cha juu. Kidole gumba kikipita hakikwami. Fundi hodari huikagua usiku, taa ikiwa ubavuni mwa mbao, maana mwanga wa pembeni hufichua kila shimo. Petali mbili zinapokutana, patasi kali huacha pembe kali. Mashine huacha mviringo, kwa kuwa kisu chake huzunguka, na mvivu huuziba mviringo huo kwa vanishi nzito. Mwenye hila huchonga waridi kando, akaligandisha kwa gundi, kisha akalipaka kiwi lionekane la kale. Husimuliwa habari za dalali aliyeuza mlango "wa mababu", na wakati wa kuupakia garini ua likadondoka: chini yake mbao ilikuwa laini, imepigwa randa. Mnunuzi angefuata nyuzi za mbao asingeliwa. Katika ua la kweli nyuzi za ardhini huingia kwenye petali na kutokea ng'ambo kwa mwelekeo uleule. Katika ua la gundi hukatikia mpakani.

Mbao ni mtiki. Mfenesi unakubalika, mwembe haufai kwa ua.

Milango ya kale ya kizingiti cha juu kilichonyooka ina waridi la duara na yungiyungi, yaliyopangwa kwa nafasi. Ile ya upinde, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, ilileta majani na mizabibu ya mafundi wa Kihindi. Ya kwanza ni bora: ua lake linapumua. Waliochonga milango ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, walikuwa na subira ambayo karakana za leo, zinazofukuzana na tarehe za hoteli, hazina.

Anayeagiza mlango aukague kabla haujapakwa vanishi, na fundi anayekataa kuuonyesha asilipwe.