Mkebe wa Hopalong Cassidy: Ulivyotengenezwa na Namna ya Kuutambua

Kiufundi, mkebe wa chakula wa Hopalong Cassidy wa mwaka 1950 ni kazi ya kawaida kabisa. Chuma chembamba kimekunjwa kikawa kisanduku, kikapakwa rangi moja, nyekundu au buluu, kikatiwa mkono wa kubebea na komeo, halafu ikabandikwa picha moja upande wa mbele. Basi. Ndani yake kuna chupa ndogo ya chai. Lakini huu ndio mkebe wa kwanza wa watoto wa shule nchini Marekani kuuzwa kwa sura ya shujaa wa televisheni, na wanaokusanya vitu vya zama za makauboi hawaachi kuubishania. Ubishi wenyewe karibu wote unahusu ile picha.

Tuanze na mwenye sura. William Boyd alizaliwa Ohio mwaka 1895, akawa nyota wa filamu za kimya za Cecil B. DeMille. Mwaka 1931 mwigizaji mwingine mwenye jina kama lake aliingia kwenye kashfa, magazeti yakachapa picha ya Boyd asiyehusika, na kazi zikamkauka. Aliyemwinua ni Hopalong Cassidy, kauboi aliyebuniwa na mwandishi Clarence E. Mulford. Yule wa vitabuni alikuwa mtu wa ulevi na maneno machafu, tena akichechemea. Boyd akamgeuza steringi muungwana: mavazi meusi, nywele nyeupe, farasi mweupe aitwaye Topper, hagusi sigara wala kileo. Kati ya 1935 na 1948 zilitoka filamu 66.

Kisha likaja jambo lililozaa mikebe yote. Wakati studio kubwa za Hollywood zikiiogopa televisheni na kuinyima filamu zao, Boyd aliuza shamba lake, akakopa, akanunua haki za filamu hizo na za mhusika mwenyewe. Gharama hutajwa kuwa dola 350,000 hivi. Juni 1949 NBC ikaanza kuzirusha, zikiwa zimekatwa ili zienee kwenye muda wa kipindi, na watoto wakapagawa. Kwa kuwa haki zote zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, mwenye kiwanda aliyeitaka sura ya Hoppy, kama Hopalong alivyoitwa kwa ufupi, hakuwa na milango mingi ya kubisha. Alikwenda kwa Boyd, akakubali kulipa mrabaha, akarudi kuwasha mashine. Kampuni zaidi ya 100 zilifuata njia hiyo. Ndiyo maana vitu halali vya miaka ile mara nyingi vina maandishi madogo ya hakimiliki yenye jina Wm. Boyd. Mkusanyaji huyatafuta maandishi hayo kwanza, ingawa hayatoshi peke yake, kwani anayeghushi picha hughushi na maandishi yake.

Waliotengeneza mkebe ni Aladdin Industries wa Nashville, kampuni iliyojipatia jina kwa taa za mafuta. Ugumu wao ulikuwa wa ajabu kidogo: bidhaa yao ilikuwa imara mno. Mkebe wa chuma haufi. Mtoto akinunuliwa anapoanza shule, ataubeba miaka na mdogo wake ataurithi. Picha ya Hoppy ikaondoa kikwazo hicho, kwa sababu sasa mtoto alitaka mkebe mpya hata kama wa zamani haujapata tundu. Mwaka wa kwanza iliuzwa mikebe takriban 600,000. Huu ni ujanja wa biashara ambao watengenezaji wa simu za mkononi wa leo wangeutambua mara moja.

Sasa turudi kwenye stika, yaani ile picha ya kubandika. Faida yake kwa kiwanda ilikuwa urahisi: kisanduku kinaundwa na kupakwa rangi kama kawaida, picha inachapwa kando, inakuja kubandikwa mwishoni. Kesho akitakiwa shujaa mwingine, kisanduku ni kile kile. Hasara yake ilimwangukia mtumiaji. Mkebe wa chakula huoshwa kila siku, tena kwa maji ya moto na sabuni. Maji hupenya kwenye kingo za stika, kingo huinuka, na kidole cha mtoto humalizia. Ukichanganya na rangi inayochubuka pembeni na kutu inayoanzia kwenye mikunjo, utaelewa kwa nini mikebe mingi ya 1950 iliyosalia ina Hoppy aliyekatika kofia au asiye na farasi.

Mshindani wao, American Thermos, aliliona pengo hilo. Mwaka 1953 akatoa mkebe wa Roy Rogers, kauboi mwingine wa televisheni, uliochapwa picha za rangi kila upande kwa lithografia, na ukauzwa hadi kufika milioni 2.5. Katika njia hii, bati huchapwa likiwa bado bamba bapa: rangi baada ya rangi, kisha joto la tanuri, kisha vanishi. Ndipo hukatwa na kukunjwa. Wino lazima uwe na unyumbufu wa kustahimili mkunjo bila kupasuka, na mchoraji lazima ajue mapema ni sehemu gani ya mchoro itaangukia kwenye kona. Mwaka 1954 Aladdin wakajibu kwa mkebe mpya wa Hopalong uliotengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kama chombo, huo wa 1954 ni bora kwa kila kipimo. Kihistoria, ni mfuasi tu.

Tofauti hii ya utengenezaji ndiyo inayomsaidia mnunuzi wa leo. Stika za kuiga zipo sokoni, na kuna watu hununua mkebe uliokufa, wakaupaka rangi upya na kuubandika picha mpya. Kazi hiyo haifichiki kirahisi. Rangi mpya huingia mahali ambapo ya kiwandani haikuingia: kwenye bawaba, chini ya komeo, kwenye ukingo wa ndani wa mfuniko. Stika iliyozeeka na mkebe wake huwa imechubuka pamoja nao, yaani mkwaruzo unaanza kwenye rangi, unapita juu ya picha, unatokea upande wa pili. Mkwaruzo ukiishia ghafla kwenye ukingo wa stika, stika ilikuja baadaye. Lenzi ya kukuza nayo husaidia, kwa maana chapa ya printa ya kunyunyiza wino hutawanya vidoa vidogo bila mpangilio, vikitofautiana na nukta zilizopangika za matbaa ya zamani. Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) pia ina kazi yake: karatasi nyingi za kisasa zina kemikali ya kuongeza weupe, nazo hung'aa kibuluu gizani. Kung'aa huko ni dalili ya kukufanya uulize zaidi, usikuchukulie kuwa hukumu.

Chupa ya chai huangaliwa peke yake. Yenyewe ilichapwa kwa lithografia tangu 1950, hivyo picha yake mara nyingi imedumu kuliko ya mkebe. Kilichokufa ni kioo cha ndani, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kuangusha chupa ya chai anazijua. Chupa na mkebe vilivyouzwa pamoja leo huenda vilikutana jana. Hilo si dhambi, mradi muuzaji aseme.

Wapo wasiopenda mikebe. Kuna saa ya mkononi ya US Time, ambayo mgongoni imechongwa salamu ya kutakiwa bahati njema na Hoppy. Kuna redio ya Arvin, ganda la chuma jekundu au jeusi, usoni ina karatasi ya metali iliyochorwa Hoppy akiwa juu ya Topper. Karatasi hiyo ikikunjamana haitengenezeki. Redio za bei nafuu za aina hii hazikuwa na transfoma ya kupunguza umeme, na zilikusudiwa volti za Marekani, takriban 117. Ukiichomeka kwenye soketi ya volti 230 hadi 240 ya Nairobi au Dar es Salaam utaichoma, na ganda la chuma linaweza kukupiga shoti. Iweke kabatini, iangaliwe.

Vitu alivyovitumia mwigizaji mwenyewe ni biashara nyingine. Mnada wa Christie's wa Julai 2010 mjini New York uliuza mali za makumbusho ya Roy Rogers yaliyofungwa, na farasi wake Trigger, aliyekaushwa baada ya kufa mwaka 1965, akaenda kwa dola 266,500. Hapo kinacholipiwa ni historia ya umiliki isiyo na shaka. Kwa Boyd, mwenye kipato cha kawaida atakutana zaidi na picha zenye saini, na nyingi kati ya hizo saini yake ilichapwa pamoja na picha. Ipitishie lenzi: wino wa kalamu hukaa juu ya karatasi na kulundikana mstari unapokatiza mwingine, wa matbaa haufanyi hivyo.

Wauzaji wa Marekani hutaja hali ya kitu kwa daraja, kuanzia C1 hadi C10, na mgeni hushawishika kufuata namba kubwa. Mimi ningechukua mkebe wa 1950 wenye stika yake ya asili iliyobanduka robo, nikauacha ule unaometameta ambao hakuna anayeweza kueleza rangi yake ilipatikana lini. Ukishaupata usiuoshe, usigundishe kingo za stika, usiuweke juani; kitambaa kikavu na laini kinatosha. Na kabla hujatuma fedha, mwombe muuzaji picha tatu za karibu: kingo za stika, ukingo wa ndani wa mfuniko, na bawaba.