Kozi Mbili Juu

Kwingine mlango wa gereji ukiwa mfupi, lawama humwendea fundi aliyejenga. Huku Kidete, wilayani Kilosa, lawama huuendea mto. Kinyasungwe hutoka nyanda kavu za Dodoma, hupita Gulwe, na ukifika huku Kilosa watu huuita Mkondoa. Ukifura huja na mchanga na tope. Maji yakiondoka, mzigo wake unabaki. Uwanja unapanda, sakafu inajazwa kifusi ilingane na uwanja, na lenta iko palepale. Lori lililokuwa likiingia na turubai lake juu sasa linakwaruza.

Reli ya Kati imeyaona haya. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, na kati ya Kilosa na Gulwe waliipitisha bondeni ubavuni mwa mto. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliibomoa njia katika kipande hicho, treni zikasimama kwa miezi. Na mchanga ukijaa chini ya daraja, maji hukosa pa kupita ingawa daraja halijashuka hata inchi moja. Dawa ni kufukua au kuinua, na aliyewahi kufukua mchanga wa mto anajua kwamba kesho anaanza upya.

Kwa mlango, basi, ni kuinua. Marekani, ambako C. G. Johnson alibuni mlango wa gereji unaopanda juu mwaka 1921, kazi hii huwa ya vyuma: reli za pembeni zinarefushwa, vipande vya mlango vinapanda hadi karibu na dari ndipo vikunjike. Huko cha kuogopwa ni springi. Huku kwetu geti ni la mbawa mbili, na cha kuogopwa ni ukuta.

Tofali zilizofungana vizuri hujibeba. Ukitoa lenta, kinachotaka kuanguka ni pembetatu iliyo juu ya uwazi. Uzito mwingine huteremkia pembeni. Lakini gereji za huku zina kozi tatu tu za tofali juu ya lenta, kisha kenchi. Pembetatu haijakamilika, paa limekwisha kukaa juu yake. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi haanzi na nyundo. Anaanza na mirunda.

Chini ya kila mrunda anatandika ubao mpana, maana ardhi ya tope inameza. Juu yake kabari mbili zinazotazamana, anazigonga kwa zamu, kidogo kidogo, huku na huku. Kisha anaugonga mrunda kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Uliobeba mzigo hutoa mlio mkavu. Uliosimama tu hunguruma kama debe tupu. Anarudia mstari mzima, kwa sababu ukikaza mmoja, jirani yake huenda akalegea. Hapo hakuna tofali lililotoka bado, na mwenye gereji ameanza kuuliza analipia nini.

Kubomoa kwenyewe, lenta ya zamani na kozi mbili juu yake, ni haraka. Lenta mpya ndiyo inayomrudisha fundi kwenye polepole yake: nondo nne, ringi, inchi nane za kulalia kila upande, zege ya moja kwa mbili kwa nne, halafu magunia yaliyolowa, asubuhi na jioni. Wiki ya pili kijana wake huja na swali lilelile.

“Fundi, tutoe mirunda?”

“Iache kwanza.”

Ninachokipenda zaidi kinafuata. Geti halirefushwi hata kidogo. Kwa kuwa sakafu na lenta zote zimepanda kozi mbili, geti nalo linahama kozi mbili juu, zima zima. Bawaba zinakatwa kwa grenda. Urefu mpya unahamishwa kutoka nguzo hadi nguzo kwa mpira wa maji, fundi akihakikisha hamna povu ndani yake. Bawaba anazishikiza kwa doa moja la kuchomelea, basi. Anafungua ubawa nusu, anauachia, anarudi nyuma. Ukijifunga wenyewe au ukijifungua wenyewe, bawaba haziko kwenye timazi moja, na doa linakatwa. Ukibaki ulipoachwa, ndipo anachomelea, kidogo juu, kidogo chini, akisubiri chuma kipoe, kwa sababu moto mwingi upande mmoja huvuta ubawa ukapinda.

Mwenye gereji, akishaona lori limeingia, mara nyingi hutamani kozi ya tatu papo hapo, mto usije ukamsumbua tena. Fundi hukataa. Kozi hiyo ndiyo imeshika nyaya zinazofunga paa ukutani. Ikitakiwa nayo, aitwe fundi wa kenchi, bati zifunguliwe, na bei ipangwe upya.