Sifa za Lipu Dhaifu

Anayejenga ghorofa jipya hukatiwa utepe na kupigwa picha. Anayekarabati nyumba ya kale, kazi yake ikifana, mpita njia hasemi lolote, maana nyumba ipo palepale ilipokuwa. Kwa hiyo nimeona niwasifu mwenyewe watu wa ofisi moja ndogo ya usanifu majengo, wachache kama vidole vya mkono, pamoja na mbwa wao asiyetulia, wanaohangaika na nyumba za mawe kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo.

Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba: haikubali kuvuka mita tatu hivi bila kulegea, basi vyumba vikawa virefu na vyembamba. Chokaa nayo ilitokana na mawe yaleyale, yakachomwa kwa kuni kwenye tanuu, yakazimwa kwa maji, kisha yakaachwa yalainike. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa miaka ya 1860 zama za Sultani Majid, limesimama kwa vifaa hivyo hadi leo.

Baadaye ikaja saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966, na kadiri mifuko ilivyozoeleka madukani, ndivyo nyufa za nyumba za kale zilivyozidi kuzibwa kwa saruji. Nia ilikuwa njema. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu ardhini na kuutoa hewani kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Hupanda na chumvi yake hadi kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani. Boriti zikaoza ndani kwa ndani, huku nje rangi mpya inang'aa.

Kazi ya ofisi hii huanza kwa kuvua saruji hiyo. Nimemtazama fundi wao mkuu, mzee wa makamo ya babu, akipita ukutani na mpini wa mwiko, akigonga na kutega sikio. Palipojibu kwa sauti nzito alipita. Palipolia utupu alichora duara kwa mkaa.

"Tubomoe, mzee?" aliuliza msanifu, binti ambaye pale kila mtu humwita injinia.

"Taratibu, injinia. Tukivua kwa pupa itatoka na jiwe."

Akachukua tindo ndogo na kuanza pembezoni.

Mwenye haraka pale ni mbwa peke yake. Wamempa jina la Timazi, ile kamba yenye uzito inayopima unyoofu wa ukuta, naye hajawahi kusimama wima kwa dakika nzima. Hukimbiza paka, hupanda fungu la mchanga, huingia chumba kimoja na kutokea kingine. Mahali pa kutawadhia hasogezwi, na mafundi humkemea wakiwa mbali, nguo zao zisiguswe. Siku moja alikatiza juu ya sakafu ya chokaa iliyokuwa bado mbichi, akaacha nyayo kutoka mlangoni hadi dirishani. Vijana walishika vichwa. Mzee alicheka tu. Ingekuwa saruji, hadi jioni nyayo zingekuwa zimekwisha kuganda. Chokaa ilingoja, na kesho yake asubuhi wakaishindilia na kuisawazisha kana kwamba hakuna aliyepita.

Hapo ndipo ulipo ustadi ninaousifu. Mkarabati mzuri huchagua kifaa kilicho dhaifu kuliko ukuta anaoutibu. Chumvi ikija, mvua ikipiga, lipu ndiyo hubanduka, na jiwe likabaki zima. Mteja anayetaka kazi ya kudumu milele hulipokea neno hili kwa shida, na msanifu hulazimika kumweleza zaidi ya mara moja kwamba analipia kitu kitakachochakaa kwa makusudi.

Lipu ya namna hiyo hudai kupigwa upya baada ya miaka, na haipigwi na mtu asiyejua kuzima chokaa. Ofisi hii imewaweka vijana wawili chini ya yule mzee, na mshahara wao umeandikwa ndani ya bajeti ya kila jengo. Wateja wengine hutaka mstari huo ufutwe. Injinia hukataa, na mimi namuunga mkono: bila vijana hao, nyumba itakuwa imekarabatiwa mara moja tu.