Dawa imebonyezwa, lakini imefika kifuani?

"Mtoto huyu dawa haimsaidii." Kama umewahi kuishi na mtoto mwenye pumu, huenda sentensi hiyo umeisikia, au umeisema mwenyewe. Kabla hujailaumu dawa, tuisome kwanza karatasi ya maelekezo iliyokunjwa ndani ya boksi la inhela.

Hii niliyo nayo mezani ina mchoro wa mtu mzima. Tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta, kisha zuia pumzi. Haya, mwambie mtoto wa miaka 3 afanye hivyo saa nane za usiku, kifua kinalia! Hata mtu mzima anayebonyeza vizuri, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo na kubaki hukohuko. Mtoto asiyeweza kuoanisha kidole na pumzi hupata kidogo zaidi. Salbutamoli inalaumiwa bure, haijafika.

Kinachomsaidia ni spesa, kile chombo cha plastiki kinachoshika mvuke wa dawa ili mtoto avute taratibu. Mtoto mdogo huvaa na barakoa iliyobana vizuri usoni, akapumua kawaida mara 5 au 6. Na akilia? Wengi tunadhani kilio kinaivuta dawa ndani. Wapi! Akilia, inayofika mapafuni hupungua sana. Karatasi yangu imeitaja spesa kwa mstari mmoja tu, kama pambo. Na kwa kuwa huuzwa kando, mzazi mwenye pesa za kuhesabu ataiacha dukani.

Hapo ndipo sisi waandishi wa sayansi tunapojitokeza na habari ya chupa ya maji. Ni habari ya kweli: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha kwenye jarida la Lancet jaribio la watoto 88 waliobanwa na pumu. Chupa ya plastiki ya mililita 500 ilifanya kazi sawa na spesa ya kununua. Lakini tukiisimulia, tunaruka neno moja: *iliyozibwa*. Tundu lilitobolewa kitakoni mwa chupa kwa waya wa moto uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, kisha ukingo ukazibwa kwa gundi. Chupa isiyozibwa ilisaidia kiasi tu, na kikombe cha plastiki nyepesi kilishika mkia. Ukimwambia mzazi "toboa chupa tu", umempa jibu la pili ukidhani ni la kwanza.

Tena hayo yalikuwa ya dharura. Inhela ya steroidi ni ya kila siku, hata siku mtoto anapocheza mpira na haoni kwa nini ashikwe uso. Ukimaliza, mdomo usukutuliwe. Spesa nayo ioshwe kwa sabuni ya vyombo, iachwe ikauke yenyewe; ukiifuta kwa kitambaa, umeme tuli utainasa dawa kwenye plastiki. Hilo nalo, kwenye karatasi yangu, halimo.